Vazi la Kimelea na Kumbukumbu ya Mwili: Historia ya Kinga dhidi ya Malaria Kisiwani Pemba, 1950–2020

Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka 1950 Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu wa malaria mjini Kampala. Swali lililowagawa linaweza kumshangaza msomaji wa leo: je, ni busara kuwaondolea wakazi wa Afrika ya tropiki ugonjwa huo? Waliosita hawakuwa watu wasiojali. Donald Bagster Wilson, aliyekuwa ameifanyia kazi malaria ya Tanganyika kwa miaka mingi, hasa katika eneo la Tanga, alikuwa ameona kwamba mtu mzima wa pwani hubeba vimelea katika damu yake bila kuugua sana. Mwaka huohuo yeye, P. C. C. Garnham na N. H. Swellengrebel walichapisha mapitio yaliyotahadharisha kwamba kinga hiyo hupatikana kwa kuambukizwa mara kwa mara, na kwamba kuyakatiza maambukizi kwa muda kungeweza kuwaacha watu wakiwa dhaifu kuliko walivyokuwa. Upande wa pili ulijibu kwamba kinga inayosifiwa ililipiwa kwa vifo vya watoto wachanga na wadogo, na kwamba hapakuwa na haki ya kuitunza mali iliyopatikana kwa bei hiyo. Mkutano uliishia kupendekeza kwamba malaria idhibitiwe kwa mbinu za kisasa mapema iwezekanavyo, bila kungoja utafiti zaidi.

Kabla ya muongo huo kwisha, pendekezo la Kampala lilikuwa limefika kwenye kuta za nyumba za Wete, Chake Chake na Mkoani, katika umbo la dawa ya kuua mbu. Pemba ni miongoni mwa mahali pachache Afrika Mashariki ambapo maambukizi yalishushwa hadi karibu na sifuri, yakarejea, kisha yakashushwa tena, yote hayo ndani ya umri wa mtu mmoja. Makala haya yanaisoma historia hiyo kwa kuzingatia jambo ambalo wajumbe wa Kampala hawakuweza kulijua: kimelea cha malaria hubadili protini kinazoziweka juu ya seli ya damu, na kinga ya mtu ni kumbukumbu ya sura alizokwisha kukutana nazo. Hoja inayojengwa ni kwamba Wilson alikuwa sahihi kuhusu asili ya kinga, wapinzani wake walikuwa sahihi kuhusu gharama yake, na madhara yaliyowapata Wapemba hayakutoka katika kuiondoa malaria bali katika kuiondoa kisha kuacha.

Kisiwa na homa zake

Pemba iko umbali wa takriban kilomita 50 kutoka pwani ya Tanga, ikitenganishwa na bara na mlango wa bahari wenye kina kirefu. Tofauti na Unguja, ambayo sehemu yake kubwa ya mashariki ni mawe na ardhi tambarare, Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde. Juu ya vilima kuna mikarafuu. Chini, mabondeni, maji hutuama na mpunga hulimwa. Watu huishi katikati ya hayo mawili, hatua chache kutoka kwenye madimbwi ambamo mbu wa jenasi Anopheles huzaliana baada ya mvua za masika na za vuli. Msimu wa karafuu nao huleta wachumaji kutoka nje ya kisiwa, na damu zao huja na vimelea vya kwao. Mazingira yanayomfaa mkulima ndiyo yaliyomfaa mbu, na kabla ya mwisho wa miaka ya 1950 zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa damu kisiwani walikutwa na vimelea.

Katika hali ya namna hiyo ugonjwa hugawanyika kwa umri. Mtoto mchanga hulindwa kwa miezi ya mwanzo na kingamwili za mama yake. Baada ya hapo huja miaka ya hatari: upungufu wa damu, wengu kuvimba hadi kuonekana kwa macho, na kwa baadhi yao kupoteza fahamu na kutikisika viungo. Anayevuka miaka mitano huugua homa zisizo kali. Mtu mzima hulala siku mbili, akaamka, akarudi bondeni.

Mgawanyo huo haukugunduliwa na maabara. Lugha ya pwani ilikwisha kuutambua kwa kutenganisha homa na degedege. Homa ni ya kila mtu. Degedege ni ya mtoto mdogo, huja ghafla, na katika imani za wengi huhusishwa na ndege au shetani anayepita usiku. Uchunguzi uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wazazi wengi waliyaona hayo kuwa maradhi mawili yenye tiba mbili, jambo lililochelewesha watoto kufikishwa hospitali. Watafiti wa afya ya jamii wameutaja mtazamo huo zaidi kama kikwazo, na kwa habari ya tiba walikuwa na sababu. Hata hivyo, ndani yake kuna uchunguzi makini wa vizazi vingi: kwamba kuna sura ya ugonjwa huu inayomchagua mtoto na kumwacha babu. Sayansi ilihitaji karibu karne nzima kueleza kwa nini.

Nanga inayofichua

Kimelea cha Plasmodium falciparum kikitoka kwenye ini la mtu huingia ndani ya seli nyekundu ya damu na kukaa humo kwa muda wa saa 48 hivi, kikijigawa. Seli hiyo ni maficho mazuri, kwa kuwa haina njia ambayo seli nyingine za mwili huitumia kuuarifu mfumo wa kinga kwamba zimevamiwa. Tatizo la kimelea ni wengu. Seli inayobeba kimelea kinachokua hupoteza ulaini wake, na kazi mojawapo ya wengu ni kuzichuja seli ngumu na kuziharibu. Ili kuepuka kupita huko, kimelea hutengeneza protini, huisafirisha hadi kwenye uso wa seli, na protini hiyo hushika kuta za mishipa midogo ya damu. Seli hutia nanga hapo na haizunguki tena. Mishipa hiyo ikiwa ni ya ubongo, mtoto hupoteza fahamu.

Lakini nanga huonekana. Protini iliyo nje ya seli hukutana na kingamwili, na baada ya siku kadhaa mwili huwa umetengeneza kingamwili zinazoishika protini hiyohiyo na kuzizuia seli kutia nanga. Kinachokiokoa kimelea na wengu ndicho kinachokifichua kwa mfumo wa kinga. Kimelea hakiwezi kuiacha nanga. Kinachoweza kufanya ni kubadili nanga moja kwa nyingine yenye sura tofauti kabla vimelea vyote havijaangamizwa.

Wazo kwamba vimelea vya damu hubadili sura lina historia ndefu kuliko ushahidi wake katika malaria. Mwaka 1910 Ronald Ross na David Thomson, wakiwa Liverpool, walihesabu kila siku vimelea vya malale katika damu ya mgonjwa mmoja na kuona vikipanda na kushuka kama mawimbi. Ilichukua hadi mwaka 1969 kwa Keith Vickerman kueleza kwa darubini ya elektroni kwamba kimelea cha malale huvaa koti zito la protini, koti ambalo hubadilishwa kila wimbi jipya linapoanza. Kwa malaria, hatua ya msingi ilikuwa ya K. N. Brown na I. N. Brown mwaka 1965. Walitumia nyani walioambukizwa Plasmodium knowlesi kwa muda mrefu na kuonyesha kwamba majimaji ya damu yaliyoweza kugandamanisha seli za wimbi moja hayakuweza kufanya hivyo kwa seli za wimbi lililofuata. Nyani hakuwa ameshindwa kujikinga. Alikuwa amejikinga dhidi ya adui aliyekwisha kuondoka.

Tarehe hiyo ina uzito katika historia ya Pemba. Mwaka 1965 timu za kunyunyizia dawa zilikuwa zikiendelea na kazi yao mabondeni, na hakuna mpango wowote wa malaria duniani uliokuwa na sababu ya kuyatia maanani matokeo ya nyani wa maabara.

Utambulisho wa protini yenyewe kwa P. falciparum ulianza katikati ya miaka ya 1980, ilipopewa jina la PfEMP1. Mwaka 1995 makundi matatu ya watafiti yalichapisha kwa wakati mmoja ugunduzi wa familia ya jeni zinazoitengeneza, zilizopewa jina la var. Jenomu nzima ya kimelea ilipochapishwa mwaka 2002, ilionekana kwamba kila kimelea kina jeni za aina hiyo takriban 60, nyingi zikiwa karibu na ncha za kromosomu. Kimelea huifungua moja tu kwa wakati na kuzifunga nyingine zote. Mara kwa mara, katika sehemu ndogo ya vimelea, iliyo wazi hufungwa na nyingine hufunguliwa. Kingamwili zinapoangamiza wengi waliovaa vazi la zamani, wachache wenye vazi jipya husalia na kuongezeka. Kwa njia hiyo maambukizi ya mbu mmoja yanaweza kudumu mwilini kwa miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, yakivuka kiangazi kizima yakisubiri mbu wa masika.

Hapa ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni kimelea kimoja kubadili vazi ndani ya mtu mmoja. La pili ni kwamba kabati la kimelea kimoja halifanani na la kingine. Vimelea vya asili tofauti vinapokutana tumboni mwa mbu, jeni zao huchanganyika, na kizazi kinachotoka huwa na seti nyingine ya mavazi. Mtoto wa bonde la Pemba mwaka 1950 hakukabiliana na sura 60. Alikabiliana na makabati mengi, na kila msimu ulileta jingine.

Ushahidi wa Kilifi na swali la kinga ya mahali

Uhusiano wa mavazi hayo na kinga ya binadamu uliwekwa wazi zaidi ya kwingineko katika pwani ileile ya Waswahili, kaskazini ya Pemba. Katika kituo cha utafiti cha Kilifi nchini Kenya, Peter Bull, Kevin Marsh na wenzao walichapisha mwaka 1998 matokeo ya kazi iliyohitaji subira: damu ya watoto ilichukuliwa na kuhifadhiwa wakiwa wazima, kisha watoto waliougua baadaye walipoletwa, vimelea vyao vililinganishwa na damu yao ya zamani. Ilionekana kwamba vimelea vilivyomwangusha mtoto vilikuwa hasa vile ambavyo kingamwili zake hazikuvitambua. Kila mtoto alikuwa na mianya katika kumbukumbu yake, na ugonjwa uliingilia hapo. Watu wazima wa eneo hilo walitambua sura nyingi mno.

Kama ushahidi ungeishia hapo, ingefaa kusema kwamba kinga ya Mpemba ni kinga dhidi ya vimelea vya Pemba pekee. Historia haikubali wepesi huo. Mwaka 1961 S. Cohen, I. A. McGregor na S. Carrington walichukua kingamwili za watu wazima wa Gambia na kuwadunga watoto waliokuwa na malaria kali. Idadi ya vimelea ilishuka. Mwaka 1963 watafiti haohao walichapisha matokeo ya kingamwili za Afrika Magharibi zilizotumika kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki, nazo zilifanya kazi. Iwapo kila eneo lina mavazi yake, kingamwili za Gambia zingewezaje kuyatambua ya upande wa pili wa bara?

Jibu lililojitokeza baadaye ni kwamba mavazi hayako sawa kwa hatari wala kwa wingi. Vimelea vinavyowaua watoto wadogo huelekea kuvaa aina chache zinazofanana popote, kwa sababu nanga inayoshika vizuri haiwezi kubadilika sura kupita kiasi bila kupoteza mshiko wake. Uchunguzi wa watoto wa Korogwe, mkoani Tanga, uliochapishwa mwaka 2012, ulihusisha malaria kali na vikundi fulani tu vya protini za PfEMP1, na mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwamba vikundi hivyo hushika kipokezi kiitwacho EPCR kwenye kuta za mishipa ya damu. Hivyo basi kinga hujengwa kwa tabaka. Tabaka la kuzuia kifo hujengwa mapema, baada ya maambukizi machache, iwapo mtoto atayapita. Tabaka la kuzuia homa za kawaida huhitaji miaka, kwa kuwa linahitaji kuyajua mavazi mengi yasiyo na idadi. Degedege na homa, kwa maneno mengine.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa wanawake. Mwanamke aliyekulia katika malaria na kuizoea huugua tena anapobeba mimba ya kwanza. Michal Fried na Patrick Duffy, wakifanya kazi Kisumu, walionyesha mwaka 1996 kwamba vimelea vinavyojikusanya katika kondo la nyuma hushika kitu ambacho vimelea vya watu wengine havikishiki. Mwaka 2003 protini inayohusika ilitambuliwa: VAR2CSA, vazi lisilo na faida mahali pasipo na kondo. Mama wa mimba ya kwanza hajawahi kuliona. Katika mimba ya pili na ya tatu mwili wake unalikumbuka, na mtoto huzaliwa na uzito bora. Wakunga wa pwani hawakuhitaji jina la protini ili kujua kwamba mimba ya kwanza ina mitihani yake.

Kunyunyiza na kuacha

Mradi wa kutokomeza malaria Zanzibar, uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950 chini ya Usultani na ulinzi wa Uingereza, ukapita katika Mapinduzi ya Januari 1964, na ukaendelea chini ya serikali mpya hadi mwaka 1968. Kuta za ndani za nyumba zilipigwa dawa za dieldrini na DDT ili kumuua mbu anayetua kupumzika baada ya kunyonya. Kufikia mwisho wake kiwango cha maambukizi Pemba kilikuwa kimeshuka hadi asilimia chache tu. Kwa kisiwa chenye mabonde kama yale, hayo yalikuwa mafanikio makubwa, na wanahistoria wanaoutaja mradi huo kama kushindwa tu hawaitendei haki miaka yake kumi. Watoto waliozaliwa Pemba kati ya mwaka 1960 na 1968 walikuwa, pengine, kizazi cha kwanza katika historia ya kisiwa kilichovuka umri wa miaka mitano bila kulipa bei ile ya zamani.

Mafanikio yalipimwa kwa vigezo vilivyozoeleka katika miradi ya aina hiyo: nyumba zilizopigwa dawa, mbu waliokamatwa, slaidi za damu zilizokutwa na vimelea. Hapakuwa na kipimo cha kinga, na kisingeweza kuwapo, kwa kuwa kilichopaswa kupimwa kilikuwa bado hakijatambuliwa. Tahadhari ilikuwapo hata hivyo, tena jirani. Mpango wa Pare-Taveta, uliotekelezwa mpakani mwa Tanganyika na Kenya katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, ulisimamisha unyunyiziaji mwaka 1959, na watafiti wa Amani wakaendelea kwa miaka kadhaa kufuatilia malaria ikirudi kidogokidogo vijijini. Somo hilo lilikuwa umbali wa safari fupi ya jahazi na gari kutoka Wete.

Unyunyiziaji ulisitishwa mwaka 1968. Mbu walirudi, wakifuatwa na vimelea. Na katika miaka ya 1970 malaria ilikuwa tena ugonjwa mkuu visiwani. Mradi wa pili, uliosaidiwa na Marekani katika miaka ya 1980 na kutegemea tena DDT, ulimalizika mwishoni mwa muongo huo bila kufikia lengo, mbu wakiwa wameanza kuizoea dawa.

Maelezo ya kawaida ya kurudi huko ni ya kimazingira na kiutawala: mbu, fedha, usimamizi. Maelezo hayo ni sahihi lakini yanaishia kwenye kuta za nyumba. Ndani ya miili ya watu kulikuwa na historia nyingine iliyogawanyika kwa mwaka wa kuzaliwa. Mtu aliyezaliwa Micheweni mwaka 1935 alikutana na vimelea vya miaka ya 1970 akiwa na kumbukumbu ya mavazi mengi. Aliyezaliwa mwaka 1962 alikuwa na umri wa kwenda shule, na kwa upande wa kinga alikuwa sawa na mtoto mchanga aliyekwisha kuachishwa ziwa. Msichana wa rika hilo aliyeolewa mwishoni mwa miaka ya 1970 huenda alikutana na VAR2CSA ilhali hata tabaka la kwanza la kinga yake lilikuwa changa.

Je, wazee waliikumbuka kweli? Mfano unaosaidia unatoka nyanda za juu za Madagaska, ambako malaria iliondolewa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kurudi kwa kishindo katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Katika mlipuko huo, watu wenye umri wa kutosha kuwa waliambukizwa kabla ya kuondolewa kwake walistahimili vizuri kuliko vijana, ingawa zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita. Ushahidi huo unamsahihisha Wilson katika jambo moja: kumbukumbu ya mwili haifutiki upesi kama alivyohofia. Wanaodhurika ni wale ambao hawakupata nafasi ya kuwa na kumbukumbu, kisha wakaachwa bila ulinzi badala yake. Ulinzi ulipokuwa ukutani, kutokuwa na kinga kulikuwa neema. Ulipoondolewa ukutani, kizazi kile kilikuwa hakina kitu mkononi.

Kushuka kwa mara ya pili

Kipindi kilichofuata kinajulikana zaidi na hakihitaji kurefushwa. Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia, ilifunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, na kukifanya kisiwa kuwa mahali pa utafiti mkubwa. Mojawapo ya tafiti zilizofanyika Pemba ilihusu kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki kama kinga dhidi ya upungufu wa damu. Watoto zaidi ya 24,000 walihusishwa. Mwezi Agosti 2003 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati, baada ya kuonekana kwamba waliopewa madini hayo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali. Tokeo hilo lilibadili sera za dunia kuhusu madini ya chuma katika nchi za malaria. Kwa historia inayosimuliwa hapa ni alama ya jambo lingine pia: miaka 35 baada ya 1968, damu ya mtoto wa Kipemba ilikuwa bado uwanja wa vita.

Mwezi uliofuata Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto zenye artemisinini badala ya klorokwini iliyokwisha kushindwa. Micheweni ilikuwa miongoni mwa vituo viwili ambako dawa hizo zilijaribiwa kwa watoto kabla ya kuenezwa. Kuanzia mwaka 2006 viliongezwa vyandarua vyenye dawa ya kudumu na unyunyiziaji mpya wa majumbani. Ndani ya miaka michache kiwango cha maambukizi katika jamii kilishuka chini ya asilimia moja, na kimebaki kidogo kwa muda mrefu kuliko wakati wowote uliotangulia.

Kimelea hakikutoweka. Upimaji wa jamii uliofanyika Zanzibar mwaka 2012 ulionyesha kwamba kipimo cha haraka kiliwakosa wengi wa waliobeba vimelea, ambao waligunduliwa kwa vipimo vya vinasaba pekee. Hao ni watu wenye vimelea vichache mno, vinavyopishana mavazi polepole bila kusababisha homa. Uchambuzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta vimelea vya Zanzibar na vya Bagamoyo vikiwa na udugu wa karibu, jambo linaloafikiana na safari za kila siku za majahazi na boti kati ya visiwa na bara. Kabati la bara linaendelea kufunguliwa visiwani.

Hata chanjo imekutana na tatizo hilohilo kwa sura nyingine. Chanjo ya RTS,S, iliyojaribiwa katika vituo kadhaa Afrika vikiwamo Bagamoyo na Korogwe na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, hailengi PfEMP1 bali protini ya kimelea kinapotoka kwa mbu. Protini hiyo haibadilishwi ndani ya mtu mmoja, ila hutofautiana kati ya kimelea na kimelea. Uchambuzi wa mwaka 2015 ulikuta kwamba kwa watoto wa umri wa miezi 5 hadi 17, chanjo ilizuia katika mwaka wa kwanza asilimia 50.3 ya malaria ya vimelea vilivyofanana na ile iliyotumika kuitengeneza, na asilimia 33.4 ya vile vilivyotofautiana nayo.

Umri wa wagonjwa nao umebadilika. Pale ambapo zamani daftari la hospitali lingejaa watoto wa miaka miwili na mitatu, wagonjwa wanaoripotiwa Zanzibar tangu malaria iliposhuka wamekuwa kwa sehemu kubwa vijana na watu wazima, wanaume wakiwa wengi zaidi, na mara nyingi ni wasafiri. Mpemba aliyezaliwa mwaka 2005 ameingia utu uzima akiwa na kumbukumbu ndogo ya mavazi kuliko mtoto wa miaka mitatu wa zama za babu yake. Anapovuka kwenda Tanga kutafuta kazi, huwakuta wenyeji wa rika lake wakiumwa na mbu haohao na kuamka asubuhi kwenda kazini, ilhali yeye, akichelewa kupimwa, anaweza kuugua kama alivyougua mtoto wa Pemba mwaka 1950. Kinachosimama mahali pa kumbukumbu hiyo sasa ni chandarua, kipimo cha haraka katika kituo cha afya cha shehia, dawa mseto, na ofisa wa ufuatiliaji anayefika nyumbani kwa mgonjwa baada ya taarifa kutumwa kwa simu, na vyote hivyo vina bajeti ya mwaka.